Ulimi wa zumari: usingoje sauti ikwaruze

Kama unapiga zumari, klarineti au saksafoni hapa Tanga, Pangani au Mkinga, leo nazungumza nawe. Wapigaji wengi hubadilisha ulimi wa chombo, yaani kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni, pale tu sauti inapoharibika. Kwa maoni yangu, huko ni kuchelewa.

Ulimi wa zumari hukatwa kwenye jani la jamii ya mnazi. Wa saksafoni hutokana na tete. Ukilowa mate kisha ukafungiwa kwenye mfuko wa plastiki, katika joto na unyevu wa pwani yetu, huota ukungu. Chembe zake zaweza kufika mapafuni.

Mwaka 2016 madaktari wa Manchester, Uingereza, waliandika katika jarida la Thorax habari za mzee wa miaka 61 aliyepiga zumari ya mfuko kila siku. Alikohoa na kuishiwa pumzi kwa miaka kadhaa. Alipokaa Australia miezi mitatu bila chombo chake, alipata nafuu. Baadaye alifariki, na ukungu ukakutwa ndani ya chombo.

Basi tupa ulimi ukiona ufa, madoa meusi au ya kijani, utelezi usiotoka kwa maji, au ukisikia harufu. Utupe pia baada ya kuugua vidonda vya mdomo au koo. Uwe nazo tatu au nne uzitumie kwa zamu. Suuza kwa maji safi, futa, anika kivulini, hifadhi penye hewa. Usiazimane na mwenzako, hata kama ni ndugu yako.

Tahadhari moja: kifua kikuu huambukizwa kwa hewa, kwa hiyo ulimi mpya haukukingi. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, nenda kituo cha afya. Dawa zake ni bure. Mwambie daktari kuwa unapiga zumari, maana asipojua anaweza kudhani ni pumu tu.

Nanyi viongozi wa vikundi, mnapopatana bei ya harusi, hesabuni na ndimi mpya. Ngozi ya ngoma ikipasuka mnanunua nyingine siku hiyohiyo. Pafu likiharibika, halina duka.