Kufagia Jangwa



Dada yangu mkubwa alinipigia simu majuzi akiwa na hamaki. Binti yake, ambaye ameolewa na anaishi kusini mwa California, alikuwa amemweleza kwamba Jumamosi moja ya kila mwezi huamka alfajiri, akachukua reki, ndoo na madumu ya maji, akenda jangwani pamoja na mumewe na wanawe wawili kufuta alama za magurudumu ya magari. Halipwi hata senti. "Nimemsomesha mpaka chuo kikuu," akasema dada, "leo amekuwa mfagizi wa mchanga!"

Nilicheka, kisha nikaona haya, maana nami sikuwa nikielewa jangwa hufagiliwa nini. Nikampigia binti mwenyewe. Alizungumza nami kwa saa nzima, na haya ninayowaletea wiki hii, mama zangu na dada zangu, ni niliyoyapata kwake pamoja na niliyoyasoma baadaye.

"Khalati," aliniambia, "usilipime jangwa kwa mchanga wa ufuoni. Huko kwetu maji yakijaa hufuta kila alama. Huku hakuna maji ya kujaa."

Jangwa analolisema ni la Mojave. Udongo wake, mahali pengi, umefunikwa na gamba jembamba lililosokotwa na viumbe hai vidogo mno: mwani, kuvu na bakteria. Gamba hilo ndilo linaloshika mchanga usipeperuke na kuhifadhi unyevu mchache unaopatikana. Gurudumu moja likipita juu yake, huvunjika, na kurudi kwake huchukua miongo ya miaka. Mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Jenerali George Patton alifungua kambi ya mazoezi ya vifaru katika jangwa hilo. Wanajeshi waliondoka zamani, wengi wao wamekwisha kufariki, lakini alama za minyororo ya vifaru vyao zingali zaonekana hadi leo.

Basi kazi ya hao wanaojitolea ni nini? Dereva mmoja huiacha barabara iliyoruhusiwa, akakata jangwani kwa starehe yake. Wa pili huiona alama ile akadhani ni njia. Wa kumi haulizi tena. Wanaojitolea hufika pale njia hiyo ya haramu inapochipuka, wakakwaruza alama kwa reki, wakarudisha mawe, kisha wakachukua vichaka vilivyokufa na kuvisimamisha ardhini kana kwamba vinaota. Hawafanyi hivyo kwa urefu wa njia yote, bali mpaka pale jicho la dereva linapokoma. Akisimama barabarani asione kitu cha kumwita, ataendelea na safari yake. Vile vichaka vikavu navyo hunasa mbegu zinazopeperushwa na upepo na kuzipa kivuli, na mvua ikijaliwa, chini yake huota vichaka vya kweli. Mimi niliiona hiyo kuwa hila njema kabisa. Sisi tumefundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni sadaka. Hapa udhia ni njia yenyewe.

Kisha yuko kobe wa jangwani, ambaye tangu 1990 amewekwa chini ya ulinzi wa sheria kwa kuwa idadi yake imepungua mno. Watoto wa binti yetu wamefundishwa mambo mawili juu yake. La kwanza, wasimnyanyue hata wakimwonea huruma. Kobe huyu huweka maji ya akiba katika kibofu chake, ndiyo yanayomvusha miezi ya kiangazi, na akitishika huweza kuyamwaga yote. Anayembeba ili apige naye picha huenda amemuua bila ya kujua. La pili, kabla ya kuwasha gari wachungulie uvunguni, kwani kobe hupenda kujipumzisha katika kivuli chake. Adhuhuri ikifika, familia husali kwenye kivuli hichohicho, baada ya kuchungulia.

Nilimuuliza nani alianza kulihangaikia jangwa ambalo wengi waliliona ni ardhi tupu. Akanitajia mwanamke, Minerva Hoyt, aliyekuwa akiishi South Pasadena na akipenda bustani. Alifiwa na mwanawe mchanga, na mwaka 1918 akafiwa na mumewe. Faraja aliipata kwa kulala jangwani chini ya nyota. Lakini siku zile watu walikuwa wakiing'oa mimea ya jangwa kwa mashehena kwenda kupamba bustani za mjini, na wengine waliichoma moto usiku miti iitwayo Joshua ili iwaangazie njia wenye magari. Mti huo hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na maua yake huchavushwa na nondo wa aina maalumu, hakuna mdudu mwingine awezaye kazi hiyo.

Bibi huyo hakuwa na cheo serikalini. Alichukua mimea, mawe na mchanga, akaviandalia maonyesho New York, Boston na hata London, ili watu wa mbali waone kwamba jangwa lina uhai. Tarehe 10 Agosti 1936 Rais Franklin Roosevelt alitia saini ya kuihifadhi ardhi ya Joshua Tree, zaidi ya ekari 800,000. Mwaka 1950 sehemu kubwa ikamegwa kwa ajili ya wachimba madini, na ilipofika 1994 sheria mpya ikaipandisha daraja kuwa hifadhi ya taifa na kuipanua tena.

Na hata hivyo sheria haitoshi. Mwishoni mwa Desemba 2018 serikali kuu ya Marekani ilikwama kwa mzozo wa bajeti hadi Januari 25, 2019. Hifadhi ya Joshua Tree iliachwa wazi huku wafanyakazi wake wengi wakiwa nyumbani. Wageni wengine walipitisha magari palipokatazwa, miti ikaharibiwa, vyoo na mapipa yakafurika. Waliojitokeza ni wakaazi wa jirani, waliosafisha vyoo kwa mikono yao, wakazoa taka na kununua karatasi za chooni kwa pesa zao.

Msidhani kwamba wapanda pikipiki wote ni waharibifu. Mumewe binti yetu alikuwa mmoja wao, na hadi leo humpeleka mwanawe mkubwa kuendesha Johnson Valley, mojawapo ya maeneo sita ya jangwa la California ambayo sheria ya mwaka 2019 iliyatenga kwa mchezo huo. Binti hapendi. Anasema ekari zile nazo zina kobe. Mume hujibu kwamba kijana asipopewa pa kuchezea atajitafutia mwenyewe, na huko atakakojitafutia ndiko mkewe atakakokwenda na reki. Kwa hilo mimi niko upande wa mume, ingawa sikumwambia binti.

Nilimpigia dada nikamweleza haya yote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto hubeba maji ya kutosha. Nikamwambia kila mmoja huchukuliwa lita nne kwa siku, hapunguziwi. "Na huyo kobe," akasema, "mwambie anitumie picha yake. Lakini asimshike."