Pilau na Yatima Katika Chungu Kimoja



Kila mwaka tarehe 9 Desemba ikikaribia, bakuli huanza kuzunguka. Kuanzia Houston hadi Washington, London hadi Reading, matangazo ni yale yale: sherehe za Uhuru na harambee ya kuchangia yatima, au madawati, au zahanati ya kijijini. Kutakuwa na mgeni rasmi, msanii kutoka nyumbani, pilau na nyama choma. Njoo ule, ucheze, uchangie. Halafu Krismasi inapita, mwaka mpya unapita, na kimya kinatanda. Ikifika Machi ukiuliza madawati yako wapi, unaambiwa una majungu, una wivu, au unautaka uenyekiti.

Mimi siutaki uenyekiti. Ninachotaka ni risiti.

Nasema hivi kwa sababu sisi wa ughaibuni ndio mabingwa wa kupiga kelele kuhusu ufisadi. Mwaka 2008 zilipolipuka habari za shilingi bilioni 133 zilizochotwa kwenye akaunti ya EPA pale Benki Kuu, tuliandika mpaka vidole vikauma. Februari ya mwaka huo huo Waziri Mkuu Lowassa alipojiuzulu kwa sakata la Richmond, tulishangilia. Mwaka 2014 ikaja Escrow, tukaandika tena. Kila ripoti ya CAG ikitoka, sisi ndio wa kwanza kunukuu kurasa. Sawa kabisa, na tuendelee. Lakini niulizeni swali moja: ni jumuiya ngapi kati ya zetu zina ripoti ya CAG wao wenyewe? Ni mweka hazina gani wetu amewahi kusimama mbele ya wanachama na karatasi mkononi, akasoma mapato, matumizi na salio, kisha akaulizwa maswali bila mtu kununa?

Nyani haoni kundule. Tunamdai waziri risiti ya mabilioni wakati sisi hatuna risiti ya dola mia nane.

Hiyo mia nane sikuiokota njiani. Tuchukue hesabu ya mfano tu, na kila mmoja ailinganishe na anayoyajua huko aliko. Watu 150 wananunua tiketi ya dola 60. Hizo ni dola 9,000. Ukumbi dola 2,500. Chakula na vinywaji dola 3,000. Muziki na vipaza sauti dola 1,200. Tiketi na hoteli ya msanii dola 1,500. Jumla ya matumizi dola 8,200. Yatima amebakiwa na dola 800, yaani chini ya senti 9 katika kila dola iliyochangwa kwa jina lake. Na hapo bado hakuna aliyeiba hata senti! Hao wote ni waaminifu. Tatizo ni kwamba pilau na yatima wamewekwa katika chungu kimoja, na kila mtu anajua nani huanza kula.

Sasa tuwatazame majirani zetu. Karibu kila mji mdogo wa Marekani una klabu ya Lions, ya Rotary au ya Kiwanis, na nyingine zina zote tatu. Wengi wetu tunawapita bila kuwatazama: wazee wenye fulana za njano wanauza miti ya Krismasi kwenye uwanja wa maegesho, baridi inawachoma masikio. Wengine wanapokezana zamu za kupiga kengele kando ya lile sufuria jekundu la Jeshi la Wokovu, desturi iliyoanzia San Francisco mwaka 1891. Tunadhani ni wazee waliokosa kazi. La hasha. Wanafanya jambo ambalo sisi tumeshindwa.

Lions, chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1917, kina kanuni moja ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila ukumbi tunaokodi. Klabu inatenganisha fedha mara mbili. Kuna fedha ya uendeshaji, inayotokana na ada za wanachama wenyewe. Hiyo ndiyo hulipa stempu, chai na gharama za klabu. Na kuna fedha ya huduma, inayotoka kwa umma: miti ya Krismasi, chapati za asubuhi, bahati nasibu. Hiyo inarudi kwa umma. Haiwezi kulipia chakula cha mwenyekiti. Mzee aliyeuza mti kwenye theluji akisikia njaa hununua mkate kwa fedha yake.

Hiyo tu! Akaunti mbili. Haihitaji uwe Mzungu, haihitaji uwe tajiri. Mama zetu wa upatu na VICOBA wanaijua kanuni hii bila kufundishwa Chicago: mfuko wa jamii una kisanduku chake, hisa zina kisanduku chake, na funguo zinashikwa na watu tofauti. Walioisahau ni sisi wenye digrii na suti.

Najua atatokea mtu aniambie nimerogwa na Wazungu. Basi nisikilizwe vizuri. Hizi klabu siziabudu. Nimeona picha za hundi za karatasi zenye ukubwa wa mlango, zikishikwa na watu saba wanaotabasamu. Visima vilivyochimbwa na wahisani kisha vikafa pampu zilipoharibika, kwa sababu hakuna aliyefikiria nani atanunua kipuri, vinajulikana kila mkoa. Rotary zipo Nairobi na Dar es Salaam tangu zama za ukoloni, na kwa miaka mingi wananchi wa kawaida waliziona kama meza za matajiri. Haya yote ni kweli. Lakini mwizi wa mahindi ya jirani hajitetei kwa kusema jirani naye ana magugu shambani.

Na tuangalie walichofanya walipoamua kukomaa na jambo moja. Mwaka 1985 Rotary walianza kampeni ya PolioPlus. Mwaka 1988 mashirika ya kimataifa yalipoungana nao, polio ilikuwa katika nchi zaidi ya 100, ikipoozesha watoto wapatao 350,000 kwa mwaka. Mwaka 1996 Mzee Mandela alizindua kampeni ya kuifukuza Afrika. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya WHO ilitangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Hesabuni: miaka 35 ya jambo moja! Februari 2022 Malawi ilipogundua mgonjwa wa virusi vilivyotoka nje, kazi ikaanza tena bila kulalamika. Sisi mwaka huu ni madawati, mwakani mashuka ya hospitali, mwaka wa tatu kompyuta, na hakuna hata kimoja tulichorudi kukitazama.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda siasa wenzangu mngelipenda. Mradi wa kwanza kabisa wa huduma wa Rotary, mwaka 1907, ulikuwa vyoo. Naam, vyoo vya umma katikati ya jiji la Chicago. Na klabu haikupitisha bakuli ili ivijenge. Waliunganisha vyama vingine vya mjini, wakalibana jiji mpaka jiji likajenga. Wenye baa na maduka makubwa walipinga, maana mtu aliyebanwa na haja alikuwa analazimika kuingia kwao. Yaani wale waungwana walianza na siasa! Waliuliza: hili ni jukumu la nani, na kwa nini hajalifanya?

Sisi tunaogopa swali hilo. Tanzania ina kiwango rasmi cha vyoo vya shule: tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 400 inatakiwa iwe na matundu 20 kwa ajili yao. Nenda kwenye shule uliyosoma, hesabu. Binti aliyevunja ungo anayekosa choo chenye mlango na maji anakosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Jumuiya yenye akili ingefanya mambo mawili kwa pamoja: ingejenga matundu inayoyaweza, na ingeiandikia halmashauri barua kuuliza mengine yamo kwenye bajeti ya mwaka gani. Lakini barua hiyo itaandikwaje ikiwa mgeni rasmi wa harambee ndiye huyo huyo anayetakiwa kuulizwa? Amekaa meza kuu, amevishwa shada, amenunua keki mnadani kwa dola 500, amepigiwa makofi. Nani atamwuliza tena?

Wenzetu Wakenya, ambao Mzee Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa lao, wameshauona mwisho wa njia hiyo. Shule nyingi zilijengwa kwa harambee, hatukatai. Lakini jukwaa la kuchangia likageuka jukwaa la kununua wapiga kura. Mwaka 2003 walitunga sheria ya maadili inayowazuia watumishi wa umma kutumia vyeo vyao kuchangisha. Haikutosha. Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha, Rais Ruto alilazimika kutangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa kushiriki harambee. Vijana walikuwa wameuliza swali dogo tu: hizi noti mnazozimwaga makanisani kila Jumapili zimetoka wapi?

Na sisi tumewahi kuona mfano wetu. Mwaka 2015 Rais Magufuli, akiwa na wiki chache tu Ikulu, aliahirisha sherehe za Uhuru, akawaambia watu wafanye usafi, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa kwa sherehe zikaelekezwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Unaweza kumpinga kwa mengine mengi, na mimi ninayo yangu. Lakini siku ile kila mtu alielewa hesabu: sherehe ni fungu, barabara ni fungu, na mtu akiamua anaweza kuyatenganisha. Ughaibuni tulipiga makofi kwa nguvu zote, halafu tukarudi ukumbini kukata keki.

Kwa hiyo nasema wazi, na anayepinga aje na hoja:

1. Kila jumuiya iwe na akaunti mbili benki. Ya kwanza ya ada na sherehe, ya pili ya miradi. Sahihi tatu, na wanaosaini wasiwe ndugu wala wachumba.

2. Sherehe ijilipe yenyewe. Anayetaka pilau alipe bei halisi ya pilau. Mchango wa yatima uwe na bahasha yake na ufike mzima. Sherehe isipojilipa, ipunguzwe. Uhuru unaweza kusherehekewa kwa chai na maandazi kwenye ukumbi wa kanisa.

3. Wanaosaidiwa waseme kwanza. Rotary wenyewe, kwa ruzuku zao kubwa za kimataifa, wanataka klabu ya mahali mradi ulipo na tathmini ya mahitaji kabla fedha haijatoka. Sisi tuanze na kamati ya shule na serikali ya kijiji: mnataka nini, mtachangia nini, nani atatunza? Kama kijiji kiko tayari kuleta mchanga na nguvukazi, hapo kuna mradi. Kama kuna diwani tu anayetaka picha, hakuna mradi.

4. Taarifa ya fedha itoke kabla ya Machi kwisha, kwa maandishi, kwa wanachama na kwa kijiji. Kijiji kijue tulikusanya ngapi kwa jina lake.

5. Mradi mmoja, miaka mitatu. Mwaka wa kwanza kujenga, wa pili kukarabati kasoro, wa tatu kukabidhi na kuhakikisha halmashauri imeingiza matengenezo kwenye bajeti yake.

Wengine watasema sisi ni watu wa kujitolea, tusibanwe kama kampuni. Sheria za nchi tunazoishi haziwaelewi. Hapa Marekani jumuiya yenye msamaha wa kodi inatakiwa kupeleka taarifa IRS kila mwaka, na hata ile ndogo, ambayo mapato yake kwa kawaida hayazidi dola 50,000, ina fomu yake fupi ya mtandaoni. Ukiacha miaka mitatu mfululizo, msamaha unafutika wenyewe. England na Wales, chama cha hisani cha kawaida kikivuka pauni 5,000 kwa mwaka kinatakiwa kisajiliwe. Fomu ndogo kama hiyo tunaiona mzigo, halafu tunataka tupewe uraia pacha na viti bungeni ili tukasimamie bajeti ya matrilioni?

Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Fedha zetu za Desemba ni ndogo, na nchi haitaendelea wala kufa kwa sababu yake. Ila ndipo mahali pekee ambapo sisi, na si CCM wala CHADEMA, tuna mamlaka kamili juu ya fedha ya umma. Hakuna polisi anayetuzuia, hakuna Tume ya Uchaguzi ya kulaumiwa, hakuna spika wa kutuzimia kipaza sauti. Hapa tukishindwa, tumeshindwa wenyewe. Na binti anayesubiri tundu la choo hatatofautisha fisadi wa Benki Kuu na mwenyekiti mwema aliyemlia fungu lake kwa kijiko cha pilau.

Kabla hujanunua tiketi ya mwaka huu, mwulize mweka hazina wako kitu kimoja: akaunti ni ngapi? Akikujibu moja, kaa na hela yako mpaka afungue ya pili.

Naomba kutoa hoja.