Pangusa Kioo, Usome Mwenyewe



Zamani mtu asiyejua kuandika alipotakiwa kutia saini, aliletewa wino. Alichovya dole gumba, akaligandamiza kwenye karatasi. Kila aliyeiona alama ile alijua kwamba mwenyewe hakupata kusoma. Wewe umejikomboa. Leo unaandika jina lako, na unasoma ukurasa huu bila kusaidiwa na mtu.

Lakini kuna alama nyingine za vidole zinazotufuata kila siku. Hizo ziko juu ya kioo cha simu ya kupangusa. Kama unayo, itazame sasa. Zima mwanga wake, kisha uishike mshazari kuelekea dirishani. Utaona madoa ya mafuta, michirizi ya jasho, na alama za vidole zilizopandana.

Watu wengi huliona jambo hili kuwa dogo. Mimi siafiki. Maoni yangu ni kwamba kusafisha kioo cha simu ni sehemu ya kisomo, kama vile kuchonga penseli na kufuta ubao. Mwenye kioo kichafu husoma kwa kubahatisha. Anayesoma kwa kubahatisha huchoka upesi, kisha humpa mwingine simu amsomee. Hapo amerudi kule kule alikotoka.

Ni nane au ni tatu?

Simu ya leo si ya salamu peke yake. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Tangu wakati huo fedha zetu nyingi hupita kwenye simu. Fedha za mazao, ada ya mtoto na mchango wa msiba, vyote hupita humo.

Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu kumi, ukianza na sifuri ya mbele. Doa la mafuta likikaa juu ya tarakimu moja, 8 huonekana kama 3, na 6 huonekana kama 0. Ukikosea tarakimu moja tu, fedha huenda kwa mtu usiyemjua. Ni kweli, mara nyingi simu hukuonyesha jina la mpokeaji kabla ya kutuma. Lakini jina hilo nalo unalisoma kwenye kioo hicho hicho.

Madarasani tunawasikia wanakisomo wakisema, "Mwalimu, macho yangu yamekwisha." Wengine kweli wana haja ya miwani. Mtu akikaribia miaka arobaini au akiipita, macho huanza kushindwa maandishi ya karibu. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini kabla ya kuyalaumu macho, fanya mambo mawili. Kwanza, pangusa kioo. Pili, ongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya simu. Ukiona bado ukungu, nenda ukapimwe macho.

Namba ya siri

Asiyeona vizuri kwenye kioo chake humwita kijana.

"Mjukuu wangu, hebu nitolee elfu ishirini."

"Namba yako ya siri ni ngapi, bibi?"

Naye bibi huitaja, tena kwa sauti, mbele ya watu.

Vijana wetu wengi ni waaminifu. Lakini namba iliyotajwa mbele ya mtu si ya siri tena. Fedha zikipotea kesho, bibi atamshuku mjukuu, na mjukuu atamwona bibi kuwa mkorofi. Ugomvi wa nyumba nzima utakuwa umeanza na uchafu wa kioo.

Tena alama za vidole zenyewe huweza kutoa siri. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichunguza simu zinazofunguliwa kwa kuchora mstari kwenye vitone. Walivipiga picha vioo vyake kwa namna mbalimbali za mwanga na kamera. Katika jaribio moja waliutambua mchoro wote katika asilimia 68 ya namna hizo, na sehemu ya mchoro katika asilimia 92. Hawakuwa na uganga wowote. Waliyasoma mafuta ya vidole yaliyobaki kiooni.

Tarakimu nazo ni vivyo hivyo. Namba ya siri ya tarakimu nne inaweza kuwa moja kati ya namba 10,000. Lakini mtu akiona madoa manne mahali pa tarakimu nne, kazi yake imepungua mno. Tarakimu nne zilizo tofauti zinaweza kupangwa kwa namna 24 tu. Fanyeni hesabu hiyo darasani: 4 × 3 × 2 × 1. Simu nyingi hujifunga baada ya kukosea mara chache, na hiyo ni kinga nzuri. Hata hivyo, ukimaliza kuandika namba ya siri, pitisha kitambaa kiooni. Ni kazi ya dakika moja.

Uchafu huu unatoka wapi?

Ngozi ya ncha za vidole haitoi mafuta. Inatoa jasho. Mafuta vidole huyachukua kwingine: usoni, kichwani, kwenye kopo la mafuta ya kujipaka, kwenye samaki wa kukaanga na kwenye karanga. Shavu nalo hupaka mafuta yake tunapoongea. Juu ya mafuta hayo hunasa vumbi la barabarani na unga wa mashineni.

Kiwandani, vioo vya simu nyingi hupakwa utando mwembamba sana usioonekana. Utando huo hukataa mafuta, kama jani la gimbi linavyokataa maji. Ndiyo maana simu mpya hupanguswa mara moja tu ikang'aa. Lakini utando huo huisha kadiri unavyosuguliwa. Ukitumia dawa kali, huisha upesi zaidi. Baada ya hapo madoa hushika zaidi, na mwenye simu husema, "Simu hizi za siku hizi ni mbovu." Kumbe ameuondoa utando kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna na jambo la afya. Mwaka 2011 wataalamu nchini Uingereza walipima mikono na simu za watu katika miji kadhaa. Waliona kwamba karibu simu moja katika kila sita ilikuwa na vijidudu vitokanavyo na kinyesi. Hiyo ni nchi yenye maji ya bomba majumbani. Mwaka 1973 wazazi wetu walisikiliza redioni masomo ya Mtu ni Afya, wakachimba vyoo. Sisi tunanawa mikono tutokapo chooni, kisha tunaishika simu tuliyoingia nayo humo humo. Kunawa huko kumekuwa na faida gani?

Namna ya kusafisha

Huhitaji kununua dawa. Fuata hatua hizi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha ikaushe.

2. Chomoa chaja, na uzime simu.

3. Ondoa vumbi kwanza. Lipeperushe kwa kitambaa kikavu bila kugandamiza. Vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga una uwezo wa kukwaruza kioo. Ukianza kwa kusugua, unasaga kioo chako.

4. Twaa kitambaa laini na safi. Kitambaa cha miwani kinafaa sana. Kama huna, kata kipande cha fulana ya pamba iliyochakaa, ukifue na kukikausha. Pangusa taratibu.

5. Doa likikataa, lowesha ncha ya kitambaa kwa maji safi. Kamua mpaka kisidondoshe hata tone. Usiimwagie simu maji. Angalia yasiingie kwenye tundu la chaja wala la sauti.

6. Malizia kwa upande mkavu wa kitambaa. Kisha fua kitambaa hicho, kwa sababu kitambaa chenye mafuta hakiondoi doa, bali hulihamisha.

Usitumie upindo wa kanga uliotoka nao shambani, maana umejaa vumbi. Usitumie mate. Usitumie petroli, thina, mafuta ya taa, jiki, dawa ya meno wala sabuni ya unga. Jivu ni zuri kwa sufuria, lakini kwa kioo cha simu ni msasa.

Pengine nyumbani kuna mgonjwa, na unataka kuua vijidudu. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, kampuni ya Apple ilitangaza kwamba simu zake zinaweza kupanguswa taratibu kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70. Ilikataza dawa zenye jiki. Kwa simu ya kampuni nyingine, soma kwanza kijitabu chake. Umejua kusoma, basi soma. Na spiriti isiwe ya kila siku. Kwa siku za kawaida, kitambaa na maji kidogo vinatosha.

Habari ya protekta

Wako watu ambao kila kioo kikifanya madoa hukimbilia kibandani kubadilisha protekta. Muuzaji hawezi kuwakataza, maana hiyo ndiyo riziki yake. Lakini madoa si ugonjwa wa protekta. Ubandike mpya leo, ule samaki, uishike simu, na madoa yatarudi kabla ya jua kuchwa. Tena protekta nyingine za bei ndogo hazina ule utando wa kukataa mafuta, au utando wake huisha mapema. Mtu huyo amelipa, na madoa yamezidi.

Protekta ina kazi yake. Hupokea mikwaruzo badala ya kioo chenyewe. Simu ikianguka, mara nyingine hupasuka yenyewe na kioo cha chini kikapona. Kwa sababu hiyo sisemi tuache kuzibandika. Nasema tujue wakati wa kuzibadilisha. Badilisha kama imepasuka, kwa kuwa itakukata kidole. Badilisha kama kingo zimefunuka na vumbi limeingia chini yake. Badilisha kama kioo hakisikii tena unapokigusa. Kama ni madoa tu, usinunue. Chukua kitambaa.

Ziko pia protekta zisizong'aa. Hizo huficha alama za vidole, na hupunguza mng'ao wa jua. Lakini maandishi nayo hufifia kidogo. Kwa mtu anayejifunza kusoma, mimi naona afadhali ile angavu inayopanguswa mara kwa mara.

Wanaosema ni mambo ya mjini

Najua wako watakaosema, "Tuna shida za maji na mbolea, na afisa anatuletea habari za kupangusa simu." Nawajibu hivi. Mkulima akitoka shambani hukwangua udongo kwenye jembe lake. Fundi cherehani hupangusa vumbi na kutia mafuta. Hawafanyi hivyo kwa madaha. Wanajua kwamba chombo kichafu huharibu kazi. Simu nayo ni chombo cha kazi. Bei ya mbolea tunaiulizia kwa simu hiyo, na malipo ya mazao huingia humo.

Wengine watasema hayo ni mambo ya vijana. Mimi naona ni kinyume chake. Kijana mwenye macho makali huweza kusoma hata juu ya doa. Wewe uliyeanza kusoma ukubwani ndiwe unayehitaji kioo safi zaidi. Herufi bado unazitambua moja moja. Usiruhusu mafuta ya samaki yakunyang'anye hata moja.

Basi, ndugu msomaji, weka kitambaa chako pamoja na daftari na kalamu. Kila siku kabla ya somo, pangusa kioo. Ujumbe ukiingia, usome mwenyewe, hata kama utachukua muda mrefu. Namba ya siri iandike kwa kidole chako mwenyewe. Dole gumba lako limeacha kuwa saini. Lisiwe tena sababu ya kusomewa.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mwandishi anasema kusafisha kioo ni sehemu ya kisomo? Je, mnakubaliana naye?

2. Taja vitu vitano visivyofaa kusafishia kioo cha simu.

3. Kwa nini vumbi huondolewa kabla ya kusugua?

4. Namba ya siri yenye tarakimu 1, 2, 3 na 4, kila moja mara moja, inaweza kupangwa kwa namna ngapi? Ziandikeni zote ubaoni.

5. Katika kijiji chenu, ni nani huwasomea wazee ujumbe wa fedha? Mnaweza kufanya nini ili wausome wenyewe?