Msingoje Fomu: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi wa Uingereza

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwendesha redio mstaafu wa meli, mkazi wa Mombasa. Nakuandikia kuhusu wenzangu wa kazi waliokuwa angani: waendesha redio wa ndege zenu za mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia.

Ndege ya Lancaster ilibeba watu saba. Mwendesha redio alikaa nyuma ya mwongoza njia, penye mdomo wa bomba la hewa ya moto. Wapiga bombomu wakiganda kwa baridi, yeye akitoka jasho. Karibu usiku mzima kazi yake ilikuwa kusikiliza tu, kwani kugonga Morse kungewaonyesha Wajerumani ndege ilipo. Kila nusu saa makao makuu yalitangaza: upepo umegeuka, safari imevunjwa, au hakuna jipya. Hata hilo la hakuna jipya alitakiwa kuliandika daftarini. Akilikosa, ana la kujibu akirudi. Katikati ya matangazo aliwatafuta hewani waongozaji wa ndege za kivita za Ujerumani. Akiwapata, anawarushia mngurumo wa injini kutoka kwenye maikrofoni iliyofungwa penye injini yenyewe, wasisikilizane. Hapo, nakiri, nawaonea kijicho wenzangu hao.

Tarehe 1 Januari 1945 ndege ya mwendesha redio George Thompson ilishika moto, naye aliingia motoni mara mbili kuwatoa wapiga bombomu wawili, risasi zikilipuka kandokando yake. Alipofika mbele kutoa taarifa, rubani hakumtambua kwa jinsi alivyoungua. Alifariki wiki tatu baadaye, akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Walikuwapo wenzake walionusurika wakasimulia. Ndege ngapi zilipotea na mashahidi wote?

Kamandi ya ndege zenu za mabomu ilipoteza wanahewa 55,573. Sisemi waliouawa na mabomu yao Hamburg na Dresden wasahauliwe. Hiyo hesabu nayo inawahusu nyinyi mliowatuma. Lakini hata kile kipande kidogo cha chuma cha kuwaenzi wanahewa hao, cha kubandikwa kwenye utepe wa medali ya Nyota ya 1939–45, mlikitoa mwaka 2013, na hadi leo ndugu wa marehemu hakipati mpaka aombe mwenyewe.

Aombe nani? Wengi walikufa wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu, bila mke wala mtoto. Wazazi wao wamekwisha zamani. Wengine walitoka Kanada, Australia, New Zealand na visiwa vya Karibi, na wajukuu wa ndugu zao huenda hawajui kwamba kuna fomu ya kujaza. Majina mnayo, namba za jeshi mnazo, na vikosi mnavijua.

Naomba ofisi yako ipitie orodha yenyewe, iwatafute jamaa bila kungoja maombi. Asipopatikana mtu, marehemu aandikwe kuwa ametunukiwa, na orodha hiyo itolewe hadharani.

Wako,
Mwendesha redio mstaafu, Mombasa