KUKAMATWA SI KUHUKUMIWA

Mtu akikamatwa na polisi siku hizi, katika nchi nyingi za dunia haulizwi jina na mahali anapokaa tu. Huamriwa afungue kinywa, akapitishwa kijiti chenye pamba ndani ya shavu, na mate yake yakafungwa na kupelekwa maabara. Kazi hiyo haiumi, wala haichukui muda. Labda ndiyo sababu watu wengi hawaioni kuwa ni jambo kubwa. Sisi twaiona kuwa ni jambo kubwa, na leo twataka kulieleza kwa kirefu, kwa maana anayekamatwa mara nyingi si mwenye gari na wakili. Ni mchuuzi wa barabarani, ni kibarua aliyechelewa kurudi kwake usiku, ni kijana aliyesimama karibu na mahali palipotokea ugomvi.

Kilichomo ndani ya mate hayo ni vinasaba, ambavyo wengi wamezoea kuviita DNA. Mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, na ila pacha wa kufanana hakuna watu wawili walio sawasawa. Maabara ya polisi haisomi vinasaba vyote. Huchagua mahali pachache tu, ikapima, na kuandika tarakimu. Tarakimu hizo ndizo zinazowekwa katika daftari kuu, ili zilinganishwe na damu au jasho lililookotwa mahali pa uhalifu. Lakini mate yenyewe, yakihifadhiwa katika jokofu, yanayo kila kitu: maradhi ya ukoo, na nani ni mtoto wa nani. Twamwomba msomaji aishike tofauti hii kati ya tarakimu na mate, maana tutairudia.

Kwanza tuipe elimu hii haki yake. Ilianza Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Leicester, ambako mtaalamu Alec Jeffreys aligundua mwaka 1984 njia ya kumtambua mtu kwa vinasaba. Karibu na mji huo viko vijiji viwili, Narborough na Enderby. Mwaka 1983 msichana wa miaka 15 alinajisiwa na kuuawa huko, na mwaka 1986 mwingine wa umri huo huo akafanyiwa vivyo hivyo. Polisi walimkamata kijana wa miaka 17, naye akakiri kumwua msichana wa pili. Kwa hakika angalifungwa maisha. Jeffreys alipoombwa kupima, alikuta kwamba wasichana wote wawili waliharibiwa na mtu mmoja, na mtu huyo si yule kijana aliyekiri. Basi ijulikane kwamba kazi ya kwanza ya vinasaba katika mauaji yale ilikuwa kumtoa asiye na kosa katika mikono ya polisi.

Yaliyofuata nayo yana mafunzo. Mwaka 1987 wanaume zaidi ya 5,000 wa vijiji vile na vya jirani waliombwa kutoa damu au mate. Hakuna aliyelingana. Kumbe mwoka mikate mmoja, Colin Pitchfork, alikuwa amembembeleza mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Siri ilitoka pale mwenzake huyo alipoyasema hayo katika kilabu cha pombe, na mtu aliyeyasikia akaenda polisi. Pitchfork alihukumiwa kifungo cha maisha Januari 1988. Vinasaba vilithibitisha, lakini aliyemfichua ni raia mwema mwenye masikio. Wanaodhani kwamba daftari likijaa majina uhalifu utakwisha wenyewe, wasisahau kisa hicho.

Hatukatai kwamba daftari limewafaa wafanyakazi. Machi 2003 dereva mmoja wa lori alikuwa akipita katika barabara kuu ya M3, kusini mwa Uingereza, alipotupiwa tofali kutoka juu ya daraja. Liliingia kwa kioo likampata, naye akajitahidi kulisimamisha lori kando ya njia kabla ya kufa. Juu ya tofali palikuwa na damu ya aliyelitupa. Damu ile haikulingana na mtu yeyote katika daftari, lakini ilikaribiana na ya mtu mmoja aliyeandikwa humo, kwa sababu alikuwa jamaa yake. Kwa njia hiyo mhalifu akapatikana, na mwaka 2004 akafungwa. Dereva yule alistahili haki, na twafurahi kwamba aliipata. Lakini kisa hicho chatuonyesha pia kwamba mtu akitoa mate yake hatoi ya kwake peke yake. Ametoa ya kaka yake, ya binamu yake, na ya watoto ambao hawajazaliwa, na hao hakuna aliyewauliza.

Sasa tufike penye ugomvi wetu. Waingereza walianzisha daftari lao la taifa mwaka 1995, na katika miaka ile sheria ilisema kwamba mtu akiachiwa na mahakama, mate na tarakimu zake ziharibiwe. Mwaka 2001 sheria ikageuzwa, polisi wakaruhusiwa kuviweka hata kama mtu ameonekana hana hatia. Tangu Aprili 2004 wakaruhusiwa kuchukua kwa kila aliyekamatwa kwa kosa la kuandikwa katika rekodi za polisi, hata asiposhitakiwa kabisa. Ona jinsi mlango ulivyofunguliwa kidogo kidogo. Walianza na wauaji na wanajisi, ambao hakuna mtu wa kuwatetea, na baada ya miaka michache walikuwa wamewafikia watoto wa shule.

Maana aliyeusimamisha mwendo huo alikuwa mtoto. Kijana wa miaka 11, ambaye mahakama ilimtaja kwa herufi S. tu, alikamatwa Januari 2001 kwa shitaka la kujaribu kunyang'anya. Juni mwaka ule ule akaachiwa. Mwenzake katika madai, Bwana Marper, alikamatwa Machi 2001 kwa malalamiko ya mwenzi wake. Wakapatana, na shitaka likafutwa. Wote wawili waliwaomba polisi waharibu walichochukua. Polisi wakakataa, na mahakama za Uingereza zote, tangu ya chini hadi ya juu, zikawaunga mkono polisi. Shauri likapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, na tarehe 4 Desemba 2008 majaji 17, bila hata mmoja kupinga, wakaamua kwamba Uingereza imevunja haki ya watu hao ya kuheshimiwa maisha yao ya faragha. Majaji walitaja waziwazi kwamba mtu asiye na hatia asitendewe kama mwenye hatia. Wakaonyesha kwamba Scotland, iliyo ndani ya dola hiyo hiyo, ilikuwa na sheria ya kiasi, ya kuweka vya walioshitakiwa kwa makosa makubwa ya ukatili au ya unajisi kwa miaka michache, na haikuangamia.

Bunge la Uingereza lilitii kwa kupitisha sheria mpya mwaka 2012. Matokeo yake, kufikia mwaka 2013 tarakimu za watu zaidi ya milioni 1.7 wasio na hatia na za watoto zilifutwa, na sampuli za mate na damu zaidi ya milioni 7.7 zikaharibiwa. Msomaji na azipime hesabu hizo. Ndio kusema kwamba kwa miaka mingi serikali ile ilikuwa imejiwekea miili ya raia wake kwa mamilioni, bila haki, mpaka ilipozuiwa na mahakama ya nje.

Na ni raia gani? Mwaka 2009 Tume ya Jenetiki ya Binadamu ya Uingereza ilieleza kwamba zaidi ya robo tatu ya wanaume weusi wenye umri kati ya miaka 18 na 35 walikuwa wamekwisha kuandikwa katika daftari hilo. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba robo tatu ya vijana hao ni wahalifu. Walikamatwa zaidi, basi wakaandikwa zaidi, na kwa kuwa wameandikwa zaidi watatafutwa wao kwanza siku ya pili. Mnyonge hana haki, walisema wahenga, nao hawakuwa wakilisifu jambo hilo.

Hapo mtu atatuuliza: asiye na kosa anaogopa nini? Swali hilo si geni katika Afrika ya Mashariki. Kwa sheria ya mwaka 1915, ambayo ilianza kushikwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya mwenye miaka 16 na zaidi alilazimishwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake, akakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati kama mbwa wa bwana. Kipande kilimfunga kwa tajiri wake, maana asipotiliwa sahihi hakuweza kuondoka kazini. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi. Miaka yote hiyo Mwafrika aliambiwa kwamba alama ya kidole haimdhuru mtu mwema. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1940, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote kwa alama za vidole, walowezi wa Kizungu walipiga kelele nchi nzima kwamba wanafanywa kama wahalifu, na serikali ya kikoloni ikawatafutia njia nyingine, ya picha na sahihi. Kwa hiyo walijua vizuri sana asiye na kosa anaogopa nini.

Hatusemi kwamba polisi wa leo ni polisi wa mkoloni. Twasema kwamba chombo cha kumtia mtu alama hakina budi kuwekewa mipaka na sheria, kwa sababu mwenye kukishika leo siye atakayekishika kesho. Hata Marekani, ambako Mahakama Kuu iliamua tarehe 3 Juni 2013, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba polisi wa jimbo la Maryland wanaweza kuchukua mate ya aliyekamatwa kwa kosa kubwa, sheria ya jimbo hilo yenyewe iliagiza kwamba asipotiwa hatiani sampuli iharibiwe.

Liko pia neno la fedha, na hili wasimamizi wa hazina walisikie. Afrika Kusini ilitunga sheria yake mwaka 2013, ikaanza kazi Januari 2015, ya kuwachukua vinasaba wote wanaokamatwa kwa makosa makubwa yaliyoorodheshwa na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa. Kwa wafungwa ilitolewa miaka miwili. Muda ukaisha wengi wakiwa bado, na ikabidi Bunge litunge sheria nyingine. Mwaka 2021 maabara za polisi zilikuwa na mashauri zaidi ya 200,000 yanayongoja kupimwa. Nyuma ya hesabu hiyo wako wanawake walionajisiwa, ambao nguo zao zimo katika mifuko ya karatasi na waliowaharibu wanatembea mitaani. Nchi isiyoweza kupima damu iliyookotwa mahali pa uhalifu haina sababu ya kukimbilia mate ya kila mlevi na kila mchuuzi aliyelala kituoni.

Kwetu sheria zipo. Kenya ilitia katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 122A, ambacho chamruhusu polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi kuamuru kwa maandishi mtuhumiwa wa kosa kubwa achukuliwe vinasaba, pakiwa na sababu ya kuamini kwamba vitathibitisha au kukanusha kosa hilo. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na mambo yake yako chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hakuna katika sheria hizo kinachotupa sisi haja ya kuiga kosa walilolifanya Waingereza mwaka 2001 na kulijutia miaka 11 baadaye.

Aliyehukumiwa kwa mauaji, unajisi au unyang'anyi wa silaha na achukuliwe, na tarakimu zake ziwekwe. Amekwisha kusikilizwa na mahakama. Aliyekamatwa tu asichukuliwe ila pale penye ushahidi wa kulinganisha katika kesi yake hiyo hiyo, na ingekuwa bora zaidi kama amri ingetoka kwa hakimu badala ya inspekta, ambaye ndiye mpelelezi na ndiye mwenye hamu ya kushinda. Akiachiwa, kila kitu kiharibiwe siku zilizowekwa na sheria bila yeye kuandika barua ya kuomba, kwa maana kibarua hana wakili wa kumwandikia. Na mate yenyewe yasikae jokofuni baada ya tarakimu kupatikana na kesi kwisha, awe mtu huyo ana hatia au hana.

Twawaomba wabunge wetu walipeleke jambo hili kwa mawaziri wanaohusika katika kikao kijacho, na waulize kwa maneno mepesi yanayoeleweka: watu waliochukuliwa mate kisha wakaachiwa ni wangapi, mate hayo yako katika jokofu gani, na nani anao ufunguo.