Hati Safi Haijengi Zahanati

Kila mwaka, ripoti ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapotua bungeni mwezi Aprili, halmashauri zetu huanza kuhesabiana hati. Mkurugenzi aliyepata hati inayoridhisha, ile ambayo vikaoni na mitaani tunaiita hati safi, hupongezwa na baraza la madiwani, mkuu wa mkoa humtaja kwa jina, na mbunge hubeba habari hiyo hadi kwa wapiga kura kama ushahidi kwamba fedha zao zimefanya kazi. Aliyepata hati yenye shaka hujiandaa kwa maswali, pengine kwa uhamisho. Nyuma ya yote hayo kuna imani iliyoenea kuanzia ofisi kubwa hadi vijiwe vya kahawa, kwamba halmashauri yenye hati safi ni halmashauri iliyochapa kazi. Imani hiyo si sahihi. Na kwa kuwa tumeifanya kuwa kipimo chetu kikuu cha serikali za mitaa, kosa lake linawaumiza watu ambao hawatawahi kuishika ripoti ya ukaguzi mikononi mwao.

Mkaguzi anapotoa hati inayoridhisha anasema jambo moja tu: kwamba taarifa za fedha alizoletewa zinaonyesha kwa usahihi, katika mambo yote ya msingi, hali ya fedha ya taasisi hiyo, na kwamba zimeandaliwa kwa viwango vya uhasibu vinavyotakiwa. Hasemi kama bei iliyolipwa ilikuwa ya haki. Hasemi kama jengo lilihitajika pale lilipojengwa, wala kama maji yanatoka bombani. Hata kwenye hesabu zenyewe hapitii kila shilingi. Huchukua sampuli, na dosari isiyofikia uzito fulani haiwezi kubadili maoni yake. Mengine mengi ataandika, yakiwemo manunuzi yaliyokiuka sheria, miradi iliyokwama na madeni yasiyokusanywa, ila huyaandika kama hoja, na hati inaweza kubaki safi hata kama hoja zimejaa kurasa. Ofisi ya CAG haijawahi kulificha hili. Ripoti zake zimekuwa zikieleza kuwa hati inayoridhisha haina maana kwamba taasisi haina udhaifu. Sisi ndio tuliochagua kusoma neno moja la mwisho na kuacha kurasa zilizotangulia.

Tuchukue mashine ya eksirei iliyonunuliwa kwa ajili ya kituo cha afya. Zabuni ilitangazwa, mzabuni akapatikana kihalali, mkataba ukasainiwa. Ukifungua jalada la malipo unakuta kila kitu: ankara, hati ya kupokelea mzigo, taarifa ya kamati ya ukaguzi na mapokezi, hati ya malipo yenye sahihi zote, risiti ya EFD. Mashine imeandikwa kwenye rejesta ya mali na kupewa namba, na kila mwaka thamani yake inapunguzwa kwa uchakavu kama kanuni zinavyoelekeza. Lakini haijawahi kupiga picha hata ya kidole, kwa sababu chumba chake hakina kinga ya mionzi na mtaalamu wa kuiendesha hajaletwa. Mgonjwa aliyevunjika nyonga bado anachangiwa nauli na ndugu zake ili apelekwe hospitali ya mkoa. Kwa upande wa vitabu hakuna kilichoharibika: fedha ilitoka kihalali, mali ilipokelewa, kumbukumbu zipo. Mkaguzi makini ataandika kwamba mashine haitumiki, na atakuwa ametimiza wajibu wake, lakini hoja hiyo peke yake haitaigusa hati.

Atakayesema mfano huo ni wa kufikirika autazame mfululizo wa hati zenyewe. Kwa mwaka wa fedha 2013/14, zaidi ya halmashauri tisa katika kila kumi nchini Tanzania zilipata hati inayoridhisha. Mwaka uliofuata, 2014/15, zikaporomoka hadi chini ya theluthi moja. Mwaka 2015/16 zikapanda tena, takriban nane katika kila kumi. Kama hati ingekuwa kipimo cha utendaji, tungelazimika kuamini kwamba nchi nzima ilipatwa na janga la uongozi, likadumu miezi kumi na miwili, kisha likaondoka lenyewe. Hakuna aliyeliona janga hilo. Walimu walikuwa walewale, waganga walewale, visima vilevile. Kilichobadilika zaidi ni masharti ya uhasibu: kipindi cha mpito cha kuhamia kwenye viwango vya kimataifa vya sekta ya umma kilikuwa kimekwisha, na viwango hivyo vinataka majengo, magari na mali nyingine zithaminiwe na kuingizwa vitabuni. Halmashauri nyingi zilikuwa hazijafanya hivyo, zikakosa hati. Ziliporekebisha vitabu, zikaipata. Ni kazi ya maana kwa mhasibu. Kwa mama anayesubiri dawa dirishani haikubadilisha kitu.

Na katika miaka hiyohiyo, tafiti za elimu za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010, zilikuwa zikionyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mishahara ya walimu ni miongoni mwa mafungu makubwa kabisa ya matumizi katika halmashauri. Mkaguzi huangalia kama waliolipwa wapo kweli, kama wamelipwa kiasi sahihi, kama makato yamepelekwa panapostahili. Yote yakiwa sawa, fungu hilo limepita. Mtoto ambaye hajui kusoma haonekani popote katika hesabu hizo, ingawa ndiye sababu ya fedha yote hiyo kutengwa.

Mikopo ya asilimia kumi inaonyesha jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ripoti ya CAG ya mwaka 2021/22 ilieleza fedha nyingi ambazo hazijarejeshwa na vikundi ambavyo havikuonekana vilipotafutwa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo nchi nzima ili itafute utaratibu mwingine. Lakini katika ukaguzi wa mwaka huohuo, halmashauri zilizo nyingi mno zilipata hati inayoridhisha. Serikali iliona kwamba mfumo mzima wa mikopo umeoza hadi ikaufunga, huku halmashauri zilizouendesha zikipokea pongezi. Mwenye kuamini kwamba hati safi ni utendaji mzuri anadaiwa maelezo hapo.

Imani hii ina madhara yake, kwa sababu watu hufanya kile wanachopimiwa. Mkurugenzi akijua kwamba hatima yake iko kwenye hati, nguvu ya ofisi huelekea kwenye karatasi. Wakaguzi wanapokaribia, watumishi wa idara hukesha wakitafuta viambatisho, na mweka hazina huwa mtu muhimu kuliko mganga mkuu. Baadaye huja kikao maalumu cha baraza cha kujadili hoja za CAG, na hapo swali kuu huwa hoja ngapi zimefungwa. Hoja ya malipo yasiyo na viambatisho hufungwa viambatisho vikipatikana, na ni sawa, kwa sababu ndivyo ilivyoulizwa. Lakini je, boma la zahanati ambalo wananchi walilipandisha kwa nguvu zao hadi kwenye renta, likaachwa bila paa hadi kuta zikaanza kumomonyoka? Jibu litaandikwa kwamba halmashauri imetenga fedha katika bajeti ijayo, mkaguzi ataandika kwamba utekelezaji unaendelea, na mwaka ujao sentensi hiyo itarudi ikiwa na tarehe mpya. Wanakijiji waliobeba mawe na mchanga hawana nafasi katika mazungumzo hayo.

Wapo watakaosema ninabeza hatua kubwa. Watanikumbusha kwamba kulikuwa na wakati hati za malipo zilikuwa hazionekani kabisa, vitabu vya risiti vinapotea na kitabu cha fedha hakilingani na taarifa ya benki, na kwamba halmashauri isiyoweza kueleza fedha zake haiwezi kueleza kitu kingine chochote. Hoja hiyo nakubaliana nayo yote. Hesabu sahihi ni sharti la kwanza, na watumishi waliozinyoosha wanastahili heshima. Lakini sharti la kwanza likishatimizwa na zaidi ya tisa katika kila kumi, haliwezi tena kumtofautisha aliyefanya kazi na asiyefanya. Leseni inathibitisha kwamba dereva alifuzu. Haituambii kama abiria walifika.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wanaojua utumishi wa umma kwa ndani. Wanasema utendaji hauhesabiki kama fedha, na kila tulipojaribu kuupima tumezalisha fomu. Wana ushahidi. Mfumo wa OPRAS ulioanza mwaka 2004 ulikusudiwa kumfanya kila mtumishi akubaliane na mkuu wake malengo ya mwaka na kupimwa kwayo. Sehemu nyingi ukaishia kuwa karatasi za kujazwa ili mtumishi apande daraja, na Serikali yenyewe imeuacha na kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Ndiyo maana siombi alama nyingine ya kutangazwa kila Aprili. Kuibadilisha hati safi kwa asilimia fulani ya utendaji kutawahamisha wakurugenzi kutoka kutengeneza karatasi za namna moja hadi kutengeneza za namna nyingine. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kigumu zaidi: tusome kile ambacho wakaguzi tayari wanakiandika.

Kwani kipo. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008, kifungu cha 28, inampa CAG mamlaka ya kufanya ukaguzi wa ufanisi, yaani kuuliza kama rasilimali za umma zimetumika kwa uangalifu, kwa tija na kwa kufikia lengo. Ripoti hizo hutoka kila mwaka pamoja na zile za hesabu, zikichambua maji, afya, kilimo na elimu, na aghalabu zina majibu ya maswali ambayo wananchi huyauliza kila siku. Hazina hati mwishoni, hazimpi mtu ushindi wala fedheha ya haraka, kwa hiyo magazeti huzipa aya mbili na mabaraza ya madiwani hayazigusi kabisa. Jirani zetu Kenya walikwenda mbele zaidi. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 229, inataka ripoti ya ukaguzi ithibitishe kama fedha za umma zimetumika kihalali na kwa ufanisi, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wao sasa hutenganisha sehemu ya taarifa za fedha, sehemu ya uhalali na ufanisi wa matumizi, na sehemu ya udhibiti wa ndani na uongozi. Kenya haijamaliza ubadhirifu kwa hilo, na magavana wao nao hutamba kwa hati. Lakini msomaji wa ripoti ya kaunti hahitaji kubahatisha: maoni kuhusu vitabu yako mahali pake, na hitimisho kuhusu matumizi liko mahali pake.

Bunge letu linaweza kuirekebisha Sheria ya Ukaguzi wa Umma ili ripoti ya kila halmashauri iwe na hitimisho la pili, kuhusu ufanisi, liandikwe katika ukurasa uleule ilipo hati. Kabla ya hapo, wakuu wa mikoa waache kuwapongeza wakurugenzi kwa hati na waanze kuwauliza kuhusu hoja zinazojirudia. Waandishi wa habari wanaohesabu hati kila Aprili wachague walau halmashauri moja na kufuatilia mradi mmoja hadi ulipo. Na wewe diwani, katika kikao maalumu cha mwaka huu, ukiona ajenda ya kwanza ni pongezi, omba nafasi, fungua orodha ya hoja, na utake kila iliyoandikwa "utekelezaji unaendelea" kwa mwaka wa pili au wa tatu itajiwe kijiji chake, mtumishi anayehusika nayo na tarehe ya kukamilika. Sheria inakuruhusu kuuliza hayo leo, na waliokuchagua wanayangojea majibu.