Gari Lako Ndiye Ng'ombe Yule



Fungua Kutoka 21:29. Ng'ombe akijulikana ana tabia ya kupiga watu pembe, mwenyewe akaonywa na asimfunge, siku akiua mtu hukumu inampata mwenye ng'ombe pia. Dereva uliyebandika jina la Yesu kwenye kioo cha nyuma, ng'ombe wako anapita Westlands kila asubuhi! Unambana mwendesha baiskeli kando ya Waiyaki Way, fundi wa mjengo anayetoka Kangemi kutafuta unga, na ukimwangusha unasema "ni shetani." Shetani hana leseni ya kuendesha gari. Wewe unayo.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakutaka usimame, kisha uripoti kwa polisi haraka, isizidi saa 24. Kuhepa halafu Jumapili unatoa sadaka ya shukrani eti umeponea? Hiyo ni kumdhihaki Mungu.

Na ninyi washirika mnaomwambia majeruhi "samehe tu, mwachie Mungu," mnamsaidia nani? Ndugu yangu wa baiskeli, samehe, lakini shika namba ya gari na namba ya simu ya aliyeona. Nenda kituoni uandikiwe namba ya OB, uulize fomu ya P3, daktari aijaze. Baiskeli ipige picha kabla ya kuipeleka kwa fundi. Paulo alihubiri msamaha, na bado alikata rufaa kwa Kaisari.

Wewe uliyegonga mtu jana usiku ukahepa, kituo cha polisi hakifungwi. Niandikie inboksi, nitakusindikiza.